Gugu maji likishakufa, mzoga wake anauzika nani?

Mwanzoni mwa mwaka 2025, vivuko vya Kigongo–Busisi mkoani Mwanza vilizingirwa na magugu maji, na safari iliyozoeleka kuwa ya dakika chache ikawa ya kubahatisha. Mabasi ya Geita na Bukoba, malori na wachuuzi wa samaki vikapanga foleni kusubiri njia ifunguke. Juni mwaka huo Daraja la JPM likafunguliwa, magari yakapanda juu, kero ya foleni ikaisha. Magugu hayakuisha. Yalibaki chini ya daraja pamoja na watu ambao shughuli zao haziwezi kuhamia juu: wavuvi, wenye mitumbwi ya abiria, kina mama wanaochota maji na kuanika dagaa.

Kila magugu yanapofunga njia, amri inayotoka ni ileile: yaondolewe. Fedha hutafutwa, mashine huletwa, wananchi huhamasishwa, picha hupigwa, kisha habari hupoa. Wachache huuliza yameondolewa kwenda wapi. Kuua gugu maji ni jambo moja, kulitoa ziwani ni jambo lingine, na kati ya hayo mawili ndimo yalimo madhara mengi ambayo hayatajwi kwenye hotuba za uzinduzi. Gugu ni shehena ya naitrojeni na fosforasi iliyofyonzwa majini ikafanywa majani. Likifia majini, shehena hiyo inarudi palepale ilikotoka. Ziwa ndilo linalozika, na kwa ziwa mazishi hayo yana gharama.

Mgeni mwenye ua zuri

Gugu hili asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Lilisambaa duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, ambalo watu walilipenda kwenye mabwawa ya bustani. Tanzania ililifahamu kwanza kwenye mito Sigi na Pangani katika miaka ya 1950. Ziwa Victoria lilipata lake mwishoni mwa miaka ya 1980, na mlango mkuu ulikuwa mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi kabla ya kuingia ziwani karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda. Hadi leo Kagera hauachi kuleta vipando vipya, kwa hiyo hata siku ziwa lote likisafishwa, kesho yake mbegu ya kuanzia ipo.

Ling'oe gugu moja ulitazame. Shina la jani limevimba katikati. Ukilikata unakuta tishu laini iliyojaa hewa, na ndiyo inayolifanya lielee. Chini kuna mizizi myeusi yenye manyoya mengi, imenasa tope, konokono na vijidudu. Pembeni kuna kikonyo kinachotambaa juu ya maji, na kwenye ncha yake tayari kuna gugu mtoto lenye majani na mizizi yake. Kikonyo kikikatika, mtoto anajitegemea. Mahali penye joto na virutubisho vya kutosha, utando wa magugu huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Na lile ua zuri huacha mbegu zinazozama kwenye tope na kubaki hai kwa zaidi ya miaka 15.

Mwaka 1998 ulikuwa wa kilele. Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, ilikuwa na takriban hekta 17,000 za magugu. Bandari ya Kisumu ilizibwa, mialo ikafungwa, na mvuvi aliyelala ufukwe ukiwa wazi aliamka na kuukuta umekuwa kijani kwa sababu upepo wa usiku uligeuka. Upande wa Uganda, magugu yaliusumbua mtambo wa umeme wa Owen Falls pale Jinja, na tatizo hilo halikuzeeka: Aprili 2020, kisiwa cha mimea kilichokuwa kikielea kilifika kwenye mitambo hiyo na Uganda nzima ikakosa umeme.

Chini ya utando hali ni mbaya zaidi kuliko inavyoonekana juu. Mwanga haupenyi, kwa hiyo mimea ya majini haitengenezi oksijeni. Upepo haufiki, kwa hiyo maji hayachanganyiki na hewa. Majani yanayooza yanatumia oksijeni kidogo iliyobaki. Sato hukimbia, na konokono wanaobeba kichocho hupata makazi. Hata hivyo si kila kiumbe kilipata hasara. Kamongo, ambaye huvuta hewa juu ya maji, na kambare, ambaye huvumilia maji machafu, walishamiri pembezoni mwa magugu. Baadhi ya furu, samaki wadogo walioliwa na sangara hadi aina nyingi zikatoweka, walipata maficho humo, kwa kuwa sangara hawezi kukaa mahali pasipo na oksijeni ya kutosha. Anayesafisha ghuba nzima kwa mpigo anafungua njia ya mtumbwi na wakati huohuo anambomolea furu nyumba.

Mapanga, reki na mashine

Njia ya kwanza ni mikono. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu mwaloni huviita BMU, huingia majini hadi kiunoni wakiwa na mapanga, reki na kamba, wakayavuta magugu hadi nchi kavu. Kazi hiyo ina nyoka, ina mamba mahali pengine, na karibu kila mahali ina kichocho. Pamoja na yote hayo, kwa upande wa mazingira njia hii ina sifa moja kubwa: ukilitoa gugu nje, umeitoa pia fosforasi iliyo ndani yake.

Umeitoa, mradi usiirudishe. Mialo mingi haina mahali pa kupeleka magugu yaliyovutwa, kwa hiyo yanarundikwa hatua chache kutoka kwenye maji. Baada ya siku kadhaa rundo linashuka kimo, linatoa harufu na kuchuruzisha maji meusi. Mvua ikinyesha, maji hayo yanarudi ziwani. Jasho limetoka, picha zimepigwa, ila sehemu nzuri ya uchafu imekwenda likizo fupi tu.

Kuyabeba mbali nako kuna hesabu yake. Gugu maji ni maji kwa takriban asilimia 95. Lori la tani 10 lililojaa magugu mabichi limebeba tani tisa na nusu za maji na nusu tani tu ya kitu kinachoweza kuwa mbolea, mkaa mbadala au malighafi ya vikapu. Ndiyo sababu ufundi wa samani na vikapu vya magugu, pamoja na mitambo midogo ya gesi ya samadi, vimewapa watu kipato huko Kisumu na kwingineko bila kupunguza utando ziwani kwa kiasi cha kuonekana. Mbolea ya magugu inafaa shambani, lakini yakivunwa karibu na mifereji ya viwanda ni lazima yapimwe kwanza, maana mizizi ile hufyonza pia metali nzito kama risasi na kadimiamu. Hatari nyingine imo kwenye mafanikio yenyewe: biashara ikikua, watu watalihitaji gugu liendelee kuwepo.

Mashine zinafanya kazi kwa kasi ambayo mikono haiwezi, na hapo swali la mzoga linakuwa kubwa zaidi. Kuna mashine za kuvuna, zinazobeba magugu hadi nchi kavu, na kuna mashine za kusaga, zinazoyakatakata na kuyaacha yazame. Kusaga ni rahisi zaidi na kunaonyesha matokeo mchana uleule, na Kenya ilikujaribu kwenye Ghuba ya Winam wakati wa Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, LVEMP, ulioanza mwaka 1997 kwa ushirikiano wa nchi tatu. Maji yanaonekana safi, lakini ni sawa na kufagia taka na kuzisukumia uvunguni. Utando mnene una mamia ya tani kwa hekta moja. Tani hizo zikishuka kwenye ghuba yenye kina kifupi, bakteria wanaozioza wanaimaliza oksijeni ya chini, samaki wanahama au wanakufa, na virutubisho vinaachiwa kwa mkupuo badala ya kidogo kidogo. Tena kipande chochote chenye kichipukizi kilicho hai kinaweza kuwa gugu jipya.

Dawa na soko la samaki

Njia ya pili ni dawa za kuua magugu, hasa glaifoseti na 2,4-D. Ni njia ya haraka, na kwa eneo kubwa huwa nafuu kuliko mashine. Katika miaka ya 1990 mjadala wa kupulizia Ziwa Victoria ulikuwa mkali, hasa Uganda, na waliopinga walikuwa na sababu zinazoeleweka. Ziwa hili ndilo kisima cha mamilioni ya watu, wengi wao wakinywa maji yasiyopita kwenye mtambo wowote. Ndilo pia duka la sangara wanaouzwa Ulaya. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili baada ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya minofu vikayumba. Baada ya somo lile, nani angethubutu kutangaza kwamba anapulizia kemikali ziwani kwa makusudi?

Lakini hata dawa ingekuwa salama kwa samaki na kwa binadamu, mzoga ungebaki. Afrika Kusini ina mfano wa wazi. Bwawa la Hartbeespoort, karibu na Pretoria, lilikuwa limefunikwa na magugu maji, na mwaka 1977 likapuliziwa dawa. Magugu yalikufa, yakazama, yakaoza. Virutubisho vilivyokuwa vimefungwa ndani yake vikaachiwa, mwanga ukaingia majini, na badala ya magugu ukaja mwani wa kijani-bluu, ambao baadhi ya aina zake hutoa sumu inayoharibu ini. Mwani haufungi njia ya mashua, lakini maji yake hayanyweki, na huwezi kuutoa kwa reki.

Mdudu wa milimita tano

Njia ya tatu ndiyo iliyoandika historia kwenye ziwa letu. Mbawakavu wadogo wa kundi la fukusi, waitwao Neochetina, wenye urefu wa takriban milimita tano, wanatoka Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe na wanaishi kwa kulila. Uganda ilianza kuwaachia ziwani mwaka 1995, Kenya na Tanzania zikafuata. Baadhi ya jamii za wavuvi zilifundishwa kuwafuga kwenye matangi yenye magugu, kisha kuwapeleka kwenye ghuba zao.

Kazi ya mdudu huyu unaweza kuiona bila darubini. Jani lililoliwa lina madoa madogo ya hudhurungi, mengi na yaliyokaribiana, kana kwamba limepata ndui. Hayo ni mahali mdudu mzima alipokwangua ngozi ya jani usiku. Lakini muuaji hasa ni buu. Jike hutaga ndani ya shina, buu akianguliwa hutoboa kuelekea chini, shina linaingia maji na hewa inatoka. Gugu hupoteza uwezo wa kuelea, hunywea, halitoi maua mengi. Buu akikomaa hujifunga kwenye mizizi, chini ya maji, na kutoka akiwa mbawakavu. Mzunguko huo huchukua miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo anayetegemea wadudu lazima awe na subira ya miaka.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ya Ziwa Victoria ilikuwa imetoweka. Sifa ziende wapi? Wanasayansi walibishana kwa miaka. Baadhi walisema El Niño ya 1997 na 1998 ndiyo iliyofanya kazi: mawingu yalipunguza mwanga, dhoruba zikavunja tando, na kina cha ziwa kikapanda kwa zaidi ya mita moja na nusu ndani ya miezi michache. Wengine walijibu kwamba mvua kama hizo peke yake haziangamizi gugu, na kwamba magugu yalipungua pia kwenye maji mengine ya Afrika ambako mdudu alifika. Jibu lenye mantiki zaidi ni kwamba mdudu alilidhoofisha gugu, na mawimbi yakamalizia gugu ambalo tayari lilikuwa limechoka.

Faida ya mdudu kimazingira ni kwamba anaua polepole, na mzoga unaozama kidogo kidogo ziwa linaweza kuumudu. Tena alipimwa kabla ya kuachiwa, na hajageuka kula mazao. Jambo hilo si dogo kwenye ziwa lililoletewa sangara katika miaka ya 1950 na 1960 bila tahadhari ya namna hiyo. Lakini mdudu ana masharti. Anahitaji magugu ili aishi. Ukiyafagia yote kwa mashine, umezika pia mabuu walioko kwenye mashina na mizizi. Gugu litarudi kutoka kwenye mbegu za tope, na mdudu atakuwa hayupo kulipokea. Mvua kubwa za 2006 na 2007 ziliposhusha tope na mbolea, magugu yalirudi Winam kwa kishindo. Anayepanga vizuri huacha maeneo machache yenye magugu na wadudu, mbali na mialo na njia za vivuko, yawe shamba la kuzalishia walinzi. Kisiasa ni kazi ngumu kumweleza mheshimiwa aliyekuja kuzindua usafi kwamba magugu yale pale yameachwa kwa makusudi.

Likiondoka hili, linakuja lile

Magugu maji yalipolegea miaka ile ya kuelekea 2000, nafasi haikukaa wazi. Nyasi ndefu za majini, zile zipendwazo na viboko, ziliota juu ya tando zilizokuwa zikifa na kuzifanya mbolea yake, hadi tando zilipozama nazo. Hartbeespoort nako, baada ya wadudu kulipunguza gugu maji katika miaka ya karibuni, gugu jingine dogo la jamii ya salvinia likachukua nafasi.

Salvinia ndiyo habari mpya ya Ziwa Victoria. Ni jamii ya mimea isiyotoa maua, yenye vijani vidogo vyenye manyoya yanayokataa maji. Aina inayosumbua zaidi, Salvinia molesta, inajulikana pia kwa jina la bwawa la Kariba, kwa sababu mwaka 1962 ilifunika zaidi ya asilimia 20 ya bwawa hilo jipya. Ilionekana Uganda katika muongo uliopita, na sasa maofisa wa mazingira wa upande wetu nao wanaitaja. Haina mbegu inayoota. Inaenea kwa vipande tu, kwa hiyo kila pangaboi la injini linaloikata linaipanda. Mbawakavu wa gugu maji hawaigusi. Ina mdudu wake, Cyrtobagous salviniae, aliyeusafisha mto Sepik huko Papua New Guinea katika miaka ya 1980. Huko mwanzoni wadudu walishindwa kuzaliana kwa sababu gugu lilikuwa na lishe duni, hadi watafiti wakaongeza urea kidogo ili liwe chakula bora. Kwenye ziwa letu hakuna atakayehitaji kununua urea. Ziwa limeshiba.

Chakula cha gugu

Na shibe hiyo ndiyo kiini cha jambo. Gugu halioti kwa nia mbaya. Linaota kwa sababu kuna chakula. Kinatoka kwenye maji taka ya Mwanza, Kisumu, Kampala, Musoma na Bukoba. Kinatoka kwenye mito kama Mirongo, unaokatisha katikati ya jiji la Mwanza ukipokea kila kitu, na kwenye Simiyu, Nzoia na Nyando, inayoshusha udongo wa mashamba yasiyo na makinga maji. Sehemu kubwa ya fosforasi hushuka hata kutoka angani, ikibebwa na vumbi la ardhi iliyo wazi na moshi wa nyika tunazochoma kila kiangazi. Mtu anayewasha moto Maswa hadhani analisha magugu ya Mwanza, lakini anayalisha.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ukanda ule si urembo. Mafunjo na matete yaliyomo hukamata tope na virutubisho kabla havijaingia majini, bila mafuta ya dizeli wala posho. Tunapoyafyeka ili kupanda mchicha au kujenga hoteli, tunalifungulia gugu jiko, kisha tunaagiza mashine kutoka ng'ambo kuja kulifukuza mezani.

Hakuna njia moja ya kutosha. Kwenye bandari, vivuko, vyanzo vya maji ya bomba na mitambo ya umeme, mashine ya kuvuna lazima iwepo na ifanye kazi bila kusubiri dharura. Kwenye mialo, BMU wapewe mabuti, dawa ya kichocho na lori, si mapanga peke yake. Kwenye ghuba kubwa, mdudu aachwe afanye kazi yake na afuatiliwe. Kusaga na kuacha, pamoja na kupulizia dawa, kuwe jambo la mwisho kabisa, kwenye eneo dogo na chini ya usimamizi.

Kwa hiyo mradi ujao wa kuondoa magugu utakapozinduliwa, mwandishi wa habari na diwani wa kata waulize maswali matatu kabla ya kupiga makofi. Magugu yatakayotolewa yatapelekwa umbali gani kutoka kwenye maji, na kwa usafiri wa nani? Ni eneo gani litaachwa kwa ajili ya wadudu? Na kati ya fedha zilizotengwa, ni shilingi ngapi zinakwenda kwenye mabomba ya maji taka na kingo za mito, mahali gugu linapopikiwa? Mradi usio na jibu la swali la tatu utakuwa na kazi ya kufanya mwaka kesho, na mwaka unaofuata, kwa fedha za walipa kodi walewale.